Tulipomchoka Papa Shirandula

Msomaji mpenzi, nianze kwa kukuuliza swali. Je, umewahi kukipenda kipindi cha runinga kwa miaka mingi, kisha siku moja ukajikuta umeketi mbele yake mikono kifuani, husemi wala hucheki, unangoja tu kiishe uende ukalale? Ukasema moyoni, "Hawa nao wamechoka, mbona wasiache?" Kama hayo hayajakufika, una bahati. Mimi yalinifika, na baya zaidi ni kwamba niliyaandika gazetini. Leo nataka kukusimulia jinsi baba yangu mzazi alivyonijibu.

Kipindi chenyewe ni Papa Shirandula. Kilianza mwaka wa 2007 katika runinga ya Citizen, na kwa zaidi ya miaka kumi kilikuwa kama mtu wa nyumbani katika familia nyingi za Kenya. Marehemu Charles Bukeko ndiye aliyekuwa Papa mwenyewe: pandikizi la mtu, tumbo mbele, lafudhi nzito ya Kiluhya, kazi yake ubawabu. Lakini nyumbani mkewe, Wilbroda, aliamini kwamba mumewe ni mkubwa wa ofisi. Asubuhi Papa alitoka kwake amevaa suti kama meneja, na akifika kazini anavaa sare ya bawabu. Jioni anageuza tena. Kicheko kilizaliwa hapo, katika uongo mmoja wa suti na sare, na hofu ya siku utakapofichuka.

Waliomzunguka nao hawakuwa haba. Kulikuwa na Wilbroda wa Jacqueline Nyaminde, Awinja wa Jacky Vike, Otoyo wa Kazungu Matano, Njoro wa Kenneth Gichoya na Jalang'o wa Felix Odiwuor. Kila mmoja wao alikuwa na watu wake waliomngojea. Kuna nyumba ambazo chakula hakikuandaliwa hadi Papa amalize.

Sasa nikwambie kwa nini kipindi hicho kilinigusa mimi kuliko wengi. Nilikuja Nairobi mwaka wa 2009, nikiwa na umri wa miaka 19, kusomea stashahada ya uanahabari. Nyumbani kwetu karibu na Chwele, huko Bungoma, sote tulijua kwamba Baba ni karani jijini. Desemba ikifika alikuja na suti yake ya kijivu na kalamu mbili mfukoni, na wazee wa kijiji waliotaka kuandikiwa barua walimletea yeye. Hata siku aliponipokea kwenye kituo cha mabasi alikuwa na suti ile ile. Tukaenda hadi chumbani kwake Kawangware, chumba kimoja cha mabati kilichogawanywa kwa pazia.

Siku ya tatu, saa kumi na moja alfajiri, aliniamsha. "Mama," akaniambia. Baba huniita hivyo kwa kuwa nilirithi jina la mamake. "Mama, nitakwambia neno na usilipeleke nyumbani. Mimi si karani. Mimi ni bawabu."

Kisha akaitundika suti kwenye msumari, akavaa sare ya buluu, akachukua rungu lake, akaenda zake kwa miguu hadi Kileleshwa kulinda lango la nyumba za watu.

Basi fikiria, msomaji, mimi na baba huyo tukiketi jioni mbele ya runinga yake ya Great Wall, ya inchi 14, picha nyeusi na nyeupe, na kwenye kioo yumo Papa Shirandula anavua suti anavaa sare! Mara ya kwanza sikujua niweke wapi macho. Nilidhani Baba ataghadhabika, azime runinga. La hasha! Alicheka hadi machozi yakamtoka. "Huyu mtu," akasema akijifuta, "amenichungulia wapi?" Tangu siku hiyo hatukukosa.

Mwaka wa 2011 Mama alikuja kututembelea. Kipindi kikaanza, Wilbroda akadanganywa kama kawaida, na Mama akaguna. "Mwanamke gani huyu hajui mumewe anafanya kazi gani?" Baba akakohoa. Mimi nikainuka nitafute kikombe ambacho hakikuwa kimepotea. Mama naye, bila kuondoa macho kwenye runinga, akaendelea: "Mimi nilijua kitambo, Baba Wafula. Tangu mwaka ule nilipofua koti lako nikakuta firimbi mfukoni. Karani anapiga firimbi ya nini?"

Tulinyamaza sote watatu. Kisha sijui nani alianza, lakini tulicheka hadi jirani akagonga ukuta wa mabati akitaka kujua kuna nini. Uongo uliokaa nyumbani kwetu miaka mingi ulikufa usiku huo, na aliyeuua ni mchekeshaji ambaye hatukuwahi kumwona ana kwa ana. Suti ya kijivu ikawa ya kanisani tu.

Lakini hakuna marefu yasiyo na ncha. Kufikia mwaka wa 2014 nilianza kusikia manung'uniko. Kwenye matatu utingo alimwambia dereva kwamba siku hizi Papa anarudia yale yale kama kasuku. Saluni waliuliza Jalang'o alikwenda wapi, maana tangu aondoke ni kama mboga bila chumvi. (Huyo, kama ujuavyo, alivuma redioni, na mwaka wa 2022 akachaguliwa mbunge wa Lang'ata.) Wazee walisema hawa si kitu, afadhali Mzee Ojwang' na Mama Kayai wa Vitimbi. Vijana hawakusema lolote, waliinamia simu zao. Na kazini kwetu mwenzangu mmoja aliuliza swali lililotuchekesha kuliko kipindi chenyewe: "Huyo Wilbroda, miaka yote hiyo, hajawahi hata kumpelekea mumewe chakula ofisini?"

Ukilitafakari swali hilo utaona ugumu wa vichekesho vya aina hii. Kipindi kilichojengwa juu ya siri moja kimefungwa mikono. Mke akiijua siri, kisa kimekwisha. Asipoijua, mtazamaji anachoka naye, anamwona mjinga. Kwa hivyo waandishi huzunguka. Wataleta shemeji wa mashambani, wataleta tapeli, wataleta mkopo na harusi, na kila wiki hadithi inasogea mbali kidogo na lile lango ilikoanzia. Wahusika nao hubaki na tabia moja moja: mlafi anazidi ulafi, mjuaji anazidi ujuaji. Mtazamaji huona kwamba kuna kitu kimepotea, ila hajui ni nini, basi husema tu, "Wamechuja."

Hata hivyo manung'uniko hayo yalikuwa na ajabu yake. Utakumbuka Februari 2015, wakati mitambo ya analojia ilipozimwa na stesheni kubwa, Citizen ikiwamo, zikatoweka hewani kwa karibu wiki tatu. Wale wale waliosema Papa amechuja ndio waliolalamika zaidi kwamba hawamwoni! Mwenzangu yule wa kazini alikuwa wa kwanza. Baba yeye hakulalamika. Alichukua pesa alizokuwa ameweka za kununulia mabati, akanunua king'amuzi.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Mwaka wa 2017 nilikuwa tayari mwandishi wa makala katika gazeti moja. Mhariri alitaka ukurasa mzima kuhusu vipindi vya nyumbani, nami nikaona hapa ndipo pa kuonyesha makali ya kalamu. Niliandika kwamba Papa Shirandula amezeekea langoni. Nikatoa mfano wa Uingereza, ambako Ricky Gervais na mwenzake Stephen Merchant walitunga kichekesho cha ofisini kiitwacho The Office, wakakikomesha mwaka wa 2003 baada ya vipindi 12 na kile cha Krismasi, watu wakiwa bado wanataka zaidi. Nikasema Wamarekani walichukua kisa hicho hicho, wakakipeleka kwenye kampuni ya karatasi mjini Scranton, wakakivuta misimu tisa. Mwaka wa 2011 Steve Carell, aliyekuwa meneja, aliondoka, nao wakaendelea misimu miwili bila yeye huku watazamaji wakilia kwamba ofisi imepoa. Nikamalizia kwa kusema mchekeshaji mwerevu hujua wakati wa kuondoka. Papa naye aondoke, ampishe kijana.

Makala ilipendwa. Wasomaji walituma ujumbe kuniunga mkono. Wenzangu walinipiga mabega. Nilitembea wiki hiyo kichwa juu.

Siku ya kipindi ilipofika nilikwenda Kawangware kumjulia Baba hali. Nilimkuta amesharudi kazini, chai imewekwa jikoni, runinga imewashwa. Juu ya meza kulikuwa na kopo la biskuti ambamo aliweka makala yangu yote. Mpangaji mmoja wa pale alipolinda alikuwa akimwachia gazeti kila alipomaliza kulisoma, naye alinisoma langoni, kisha akanikata kwa wembe na kuniweka koponi.

"Nimeisoma, mama," akasema akinimiminia chai.

"Umeionaje, Baba?"

"Kiswahili chako ni kizuri." Akanyamaza, akakoroga chai yake ambayo sukari ilikuwa imekwisha yeyuka. "Umesema aondoke."

"Ndiyo, Baba."

"Aende wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilidhani anatania, lakini uso wake haukuwa na utani. Ndipo akaniambia jambo ambalo alikuwa amelificha kwa wiki mbili. Kampuni ya ulinzi iliyomwajiri ilikuwa imewapanga mstari bawabu wote wa pale, ikawaambia kwamba waliofikisha miaka 55 wasingeongezewa mkataba. Hakuna aliyesema wamekosa. Waliambiwa tu kwamba wateja wanataka sura mpya, na vijana wanaoweza kutumia tarakilishi langoni. Baba alikuwa ametimiza miaka 55 mwaka huo. Alikuwa amesimama kwenye malango ya Nairobi kwa miaka 24.

"Na wao walisema hivyo hivyo," akaniambia. "Tuwapishe vijana."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekuambia mvua itanyesha. Kisha akaniomba nimpe rimoti aongeze sauti, maana Papa alikuwa anaanza.

Nilikitazama kipindi cha usiku huo kuliko nilivyowahi kukitazama kingine chochote. Nitakuwa mkweli kwako, msomaji: hakikuwa kizuri. Kisa kiliyumba, mzaha mmoja ulirudiwa mara tatu. Baba alicheka mara moja tu, pale Papa aliporekebisha kofia yake alipoona gari la mkubwa linakuja. Mimi sikuona cha kuchekesha hapo. Lakini mimi sijawahi kurekebisha kofia langoni.

Mwisho wa mwaka huo Baba alirudi Chwele na sanduku moja, runinga, king'amuzi na lile kopo la biskuti.

Tarehe 18 Julai 2020 habari zikatangazwa kwamba Charles Bukeko amefariki kutokana na Covid-19. Alikuwa na umri wa miaka 58, rika moja na Baba. Siku mbili baadaye alizikwa nyumbani kwao Busia, haraka haraka kama masharti ya wakati ule yalivyotaka, bila umati ambao mtu kama huyo angeupata miaka ya kawaida.

Na sasa, msomaji, ungewasikia watazamaji! Utingo aliyesema Papa ni kasuku alibandika picha yake kwenye kioo cha matatu. Saluni walilia. Mwenzangu wa kazini, yule wa swali la chakula, alinitumia vipande vya kipindi usiku kucha, na si vile vya mwanzo tu, hata vile vya miaka ya mwisho tulivyovicheka kwa dharau. Kila mtu alikuwa na Papa wake. Hakuna aliyekumbuka kwamba aliwahi kusema amechuja.

Mimi nilikumbuka, kwa sababu maneno yangu yalikuwa yamechapishwa. Nilimpigia Baba simu. Nilifikiri atanikumbusha, na nilikuwa tayari kukemewa. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Pole, mama." Ni mimi niliyepewa pole. Alijua kilichokuwa kikinisumbua.

Baadaye nilipata habari ambayo ingeniharibia makala yangu ya 2017 kama ningeweza kuijua mapema. Mwaka huo huo wa 2020, watu wakiwa wamefungiwa majumbani, kile kichekesho cha Marekani nilichokitolea mfano wa kukawia kilitazamwa kwa zaidi ya dakika bilioni 57 nchini humo, kuliko kipindi kingine chochote katika mitandao ya filamu. Miaka saba ilikuwa imepita tangu kikome. Wengi, bila shaka, waliirukaruka misimu ile ya mwisho, lakini wengi pia waliifuata hadi tamati, ambako meneja wao wa zamani hurudi kwa dakika chache harusini. Watu waliokuwa wamekimbia walirudi wenyewe, bila kuitwa.

Nimewaza sana kuhusu tabia hii yetu sisi watazamaji. Sidhani tulimnung'unikia Papa kwa chuki. Mtu humnung'unikia wa kwake. Hakuna anayekesha akilalamikia kipindi asichokijali, hubadilisha stesheni akaendelea na maisha. Tulikasirika kwa sababu tulikuwa tumemzoea, na tulitaka atuchekeshe kama siku ile ya kwanza, ingawa sisi wenyewe hatukuwa tena watu wa siku ile. Mimi wa 2009 nilikuwa na siri ya kuficha pamoja na Baba. Mimi wa 2017 sikuwa na siri, nilikuwa na kalamu na mshahara. Kipindi kilipungua, ndiyo. Lakini na njaa yangu ya kukitazama ilikuwa imepungua, na hilo sikuliandika.

Simaanishi kwamba mtazamaji anyamaze. Chakula kisipokuwa na chumvi, sema hakina chumvi, la sivyo mpishi ataendelea hivyo hivyo akidhani anakupendeza. Ila kuna tofauti kati ya kusema chakula hakina chumvi na kusema mpishi afukuzwe. Hapa kwetu vichekesho ni kibarua cha mtu. Kuna karo hapo, kuna kodi ya nyumba, kuna mama mgonjwa kijijini. Siku hizi ninapoandika juu ya kipindi kilichochoka, nasema mahali kilipochoka, nataja na aliyefanya kazi yake vizuri hata kama waliobaki waliboronga. Mambo ya nani aondoke nimeyaacha.

Krismasi iliyopita tulikutana Chwele. Ndugu yangu Wafula alikuwa na simu yenye kioo kikubwa, tukaiegemeza kwenye chupa ya chai, tukatazama vipindi vya zamani vya Papa Shirandula. Kwa bahati kikaja kimoja cha miaka ile ya mwisho. Baba, ambaye sasa anavaa miwani, alikitazama hadi mwisho, kisha akatikisa kichwa.

"Hiki hakikuwa kizuri," akasema.

Nilishtuka. "Kumbe ulijua, Baba?"

"Nilijua. Ningekosaje kujua?"

"Sasa mbona hukubadilisha?"

"Mama, hata mimi kuna siku nililala langoni," akasema. "Lakini kesho yake nilirudi kazini. Na yeye alikuwa akirudi."

Mama, aliyekuwa akichambua mboga kando, akauliza kama tunataka ailete ile firimbi. Kumbe ameihifadhi miaka yote hiyo.

Basi, msomaji wangu, Jumapili hii ukiwa umeketi na jamaa zako, na kipindi mlichokipenda kikawa kinajikokota, nung'unika upendavyo. Ni haki yako. Lakini kabla hujasema huyo aondoke, mwangalie kwanza mzee aliyekaa karibu nawe, na ujiulize amesikiaje neno hilo.